Saa Moja na Dakika Kumi

Ofisi ya tiketi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, na kila aliyepanda ngazi zake alifika juu akinukia ngozi mpya. Ndani mlikuwa na madawati matatu, feni moja iliyogeuza shingo huku na huku kama mtu anayefuatilia umbea, ramani kubwa ukutani, na juu ya kaunta ndege ndogo ya plastiki. Bawa lake la kushoto lilikuwa limezungushiwa karatasi ya gundi tangu mtoto wa mteja mmoja alipotaka kujua kama inaruka kweli.

Dawati la katikati lilikuwa la Mama Dakika. Jina lake halisi lilikuwamo kwenye faili, na meneja alilazimika kulifungua faili hilo kila mara alipojaza fomu zake za likizo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, miwani iliyoning'inia kwa uzi, na sweta la kijivu alilolivaa jua likiwaka mvua ikinyesha. Alikuwa ameuza tiketi za ndege kwa miaka ishirini na miwili. Dawati lake alikuwa ameligeuza, akalipa dirisha mgongo. Wenzake walidhani ni kwa sababu ya mwanga kwenye kompyuta.

Jina la Dakika alilipata kwa namna yake ya kufanya kazi. Mteja akiuliza ndege inachukua muda gani kwenda mji fulani, wengine walitazama kompyuta, wakataja saa, wakaomba kitambulisho. Yeye alivuta kipande cha karatasi, akachora mstari, akaanza kuandika. Kuamka na kuoga, dakika arobaini. Kutafuta kitambulisho ambacho jana usiku kilikuwa mezani, dakika kumi na tano. Gari mpaka uwanja wa ndege, dakika hamsini. Kuagana na ndugu mlangoni, dakika tano kwa mwanamume, ishirini kwa mwanamke, thelathini kama mama mzazi yupo. Halafu ukaguzi wa kwanza, mizigo, ukaguzi wa pili wenye kuvua mkanda na viatu, kungoja, kuruka, kushuka, kungoja begi ambalo daima hutoka la mwisho, kisha teksi mpaka mlangoni. Alijumlisha, akapiga mstari mara mbili chini ya jibu, akamkabidhi mteja karatasi hiyo pamoja na tiketi. Aliiita safari kamili.

Wiki ile kijana mmoja mwenye miwani ya jua kichwani alimjia na simu mkononi. Alikuwa anakwenda mji wa kusini.

"Mama, hapa imeandikwa kilomita mia sita na arobaini. Dakika arobaini na nane tu. Mbona wewe umeniandikia saa moja na dakika kumi?"

"Kwa sababu simu yako imegawanya, mwanangu. Imechukua kilomita, ikagawanya kwa mwendo wa ndege, ikakupa jibu. Hesabu yake haina kosa."

"Sasa?"

"Sasa simu haijui kwamba ndege nayo hupanga foleni. Itatembea chini kama basi, itangoja wenzake waruke, itapanda kidogokidogo, na ikifika kule itazunguka ikisubiri kuitwa. Hizo ndizo dakika zako ishirini na mbili."

"Na hii saa sita na dakika ishirini hapa chini?"

"Hiyo ni kutoka kitandani kwako mpaka utakapobisha hodi."

Kijana akacheka, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Wengi walicheka, lakini karibu wote waliichukua. Na wengi walirudi kumwambia kwamba alikosea kwa dakika saba tu, au kumi na moja, na waliyasema hayo kama watu wanaoleta salamu.

Waliokuwa hawajawahi kuruka ndio walimpenda zaidi. Aliwaeleza masikio yatakavyoziba na jinsi ya kuyazibua kwa kupiga miayo. Aliwaeleza kwamba bawa likitikisika ni jambo jema. Na aliwaonya kuhusu ule mngurumo mzito unaosikika chini ya miguu mara tu baada ya kupaa, ambao huwafanya watu washikane mikono na wasiowafahamu. "Ni mlango wa mizigo unajifunga," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeusikia mara mia. "Ukiusikia, jua kila kitu kiko sawa."

Hakuwahi kuusikia. Mama Dakika hakuwa amepanda ndege hata siku moja.

Si kwamba alipanga kudanganya. Kila mwaka kampuni iliwapa wafanyakazi tiketi moja ya bure, na mwaka wa kwanza aliichukua kwenda kumtembelea dada yake katika mji huohuo wa kusini. Alifika uwanjani, akapita ukaguzi, akatokea nje kwenye lami, akaiona ile ngazi. Ilikuwa na vidato kumi na vinne, akavihesabu. Miguu ikakataa. Alikuwa mtu wa kuogopa urefu tangu utotoni. Hata kubadilisha balbu nyumbani kwake aliita jirani. Akageuka, akaenda stendi, akapanda basi. Njia ya barabara inazunguka milima, kwa hiyo kilomita mia sita na arobaini za angani huwa mia tisa na kumi ardhini, saa kumi na sita za kukaa mkao mmoja. Aliporudi, meneja akauliza, "Safari ya ndege ilikuwaje?" Akajibu, "Nzuri." Neno hilo moja likazaa watoto na wajukuu. Mwaka wa pili ilibidi awe na la kueleza, akaazima kutoka kwa wateja. Kufikia mwaka wa ishirini na mbili alikuwa na habari nyingi za angani kuliko rubani, zote za kuazima, na mgongo unaouma kwa sababu ya basi.

Aliyeujua ukweli ni dada yake peke yake.

Dada alimzidi miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki wakati Mama Dakika ana miaka sita. Mama yao aliingia chumba cha upasuaji asubuhi moja, Dada akiwa darasani, mdogo akiwa kwa jirani anacheza, na hakuna aliyewaita. Walitarajiwa kumwona jioni. Tangu hapo Dada aliweka sheria yake nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Hakuna mtu wa familia yao anayepita mlango wa upasuaji kabla ya kuonwa kwa macho na ndugu aliye mbali. Simu haihesabiki. Shemeji yao alipotolewa tezi, mtoto wa Dada alipoondolewa kidole tumbo, Mama Dakika mwenyewe alipofanyiwa upasuaji wa kizazi, kila mara basi lilibeba mtu kwenda au kurudi. Safari ile ya kizazi, Dada alikaa kwenye basi kwa saa kumi na sita akafika akiwa na miguu iliyovimba kama mito ya kulalia, akamtazama mdogo wake dakika moja nzima, kisha akasema, "Haya, wamchukue."

Sasa zamu ilikuwa ya Dada. Nyongo yake ilikuwa imejaa vijiwe, na upasuaji ulipangwa Jumamosi. Mama Dakika alikuwa tayari na tiketi yake ya basi ya Alhamisi, amefunga begi, ameagana na jirani wa balbu.

Jumatano asubuhi, saa mbili na robo, akiwa bado anafuta vumbi kwenye dawati, simu ikalia. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa Dada, mwalimu wa hesabu, mtu asiyepiga simu asubuhi za kazi.

"Shikamoo, mama mdogo. Usishtuke."

"Marahaba. Ukisema hivyo nitashtuka. Sema."

"Daktari anasafiri kesho, dharura ya kwao. Upasuaji umeletwa leo. Saa nane mchana."

"Leo? Leo hii?"

"Leo hii. Amesema akiukosa leo, mpaka wiki tatu zijazo, na vipimo vya asubuhi vinaonyesha nyongo imeanza kuvimba vibaya. Wiki tatu ni nyingi. Na mama hataki kusaini."

"Mpe simu."

Ikasikika mikwaruzo, kisha sauti ya Dada, kavu kidogo lakini ileile.

"Wewe."

"Dada, saini hiyo fomu."

"Umefika?"

"Dada, niko ofisini! Basi haliwezi."

"Basi najua haliwezi. Sijakuuliza basi."

"Dada, tafadhali. Mara hii moja."

"Mama naye ilikuwa mara moja," Dada alisema, bila ukali wowote. "Mimi nimelala hapa, siendi popote. Mpaka saa nane. Wewe ndiye mtaalamu wa dakika, fanya hesabu." Akakata.

Mama Dakika alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Alijua hesabu hata kabla ya kuifanya. Kulikuwa na ndege ya saa tano kasorobo. Hushuka saa sita kasoro dakika tano. Hakuna nyingine mpaka jioni. Alimjua pia Dada: mwanamke aliyewahi kukaa siku mbili kwenye benchi la ofisi moja mpaka wakampa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Hatasaini. Atalala na vijiwe vyake akitazama dari, na nyongo itapasuka kwa heshima ya sheria.

Akakaa, akafungua kompyuta. Kiti kimoja kilikuwa kimebaki. Dirishani.

"Meneja," aliita, "naomba tiketi yangu ya mwaka huu. Naondoka sasa hivi."

Meneja akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai. Aliposikia habari akaweka kikombe chini, akachapisha tiketi kwa mkono wake mwenyewe, akampigia teksi. Alikuwa mtu mwema asiyejua kunyamaza.

"Bahati yako wewe ni mzoefu," alisema akimsindikiza ngazini. "Mtu mwingine kwa hali hii angechanganyikiwa uwanjani. Safari ya ngapi hii? Ya ishirini na tatu?"

"Kama hivyo," alisema Mama Dakika. Akashika chuma cha ngazi, kama alivyokishika kila siku.

Hakuwa na begi, ila mkoba wake wa kazini, wenye kalamu tatu, pakiti ya tishu na soli za viatu alizokuwa amenunua chini dukani. Teksi ilichukua dakika hamsini na mbili. Alipita ukaguzi wa kwanza, akapita wa pili, akavua viatu, akavivaa. Mpaka hapo alikuwa anatembea ndani ya karatasi yake mwenyewe, na kila kitu kilikuwa mahali alipokiandika. Kisha ubaoni, mbele ya jina la mji wa kusini, likatokea neno jekundu: imechelewa.

Akaketi. Dakika kumi zikapita, ishirini, arobaini. Hakuna aliyesema sababu. Alitoa kalamu akaandika nyuma ya tiketi, akafuta, akaandika tena. Kama wataondoka saa tano na nusu, anafika. Kama saa sita, labda. Kama saa sita na nusu, arudi tu ofisini. Na palepale akagundua jambo lililomtia aibu. Sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inaomba iwe saa sita na nusu.

"Mama Dakika! Si wewe?"

Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele yake, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, kofia mkononi. Akamtambua. Fundi seremala aliyekuja ofisini mwezi uliopita na binti yake, anakwenda kumwona mjukuu wa kwanza. Hakuwahi kuruka. Alimpa karatasi ndefu kuliko zote.

"Fundi. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Sasa nimepona. Toka alfajiri najiambia, fundi, wewe umepanda mapaa ya watu miaka arobaini, unaogopa nini? Lakini paa mtu unalijua, umelipigilia misumari mwenyewe. Kiti chako namba ngapi?"

Akamwonyesha. Mzee akalinganisha na kadi yake, akapiga paja kwa furaha.

"Tumekaa pamoja! Basi mimi leo nitakutazama wewe tu. Ukikaa nakaa, ukicheka nacheka."

Saa tano na nusu wakaitwa.

Ngazi ilikuwa na vidato kumi na vinne, kama ile ya mwaka wa kwanza. Mama Dakika alisimama chini yake na miguu ikaanza mchezo wake wa zamani. Watu wakapita pembeni. Nyuma yake, seremala alikuwa amesimama pia, kiatu kwa kiatu, akimngoja mtaalamu aoneshe njia.

"Huwa tunaanza na mguu gani?" aliuliza mzee kwa heshima.

Hapo hakuwa na la kufanya. Akafikiria miguu ya Dada ilivyovimba siku ile. "Wowote," alisema, na akapanda. Hakuvihesabu tena, maana alikuwa amefumba macho, na mkono wake ulikuwa umeganda kwenye chuma kiasi kwamba juu mhudumu wa ndege ilibidi amsaidie kuutoa.

Alikaa dirishani kwa kuwa ndipo tiketi iliposema, akavuta pazia la plastiki mpaka chini. Mhudumu akapita, akamwomba alifungue, ni utaratibu wakati wa kupaa. Akalifungua, akafumba macho. Ndege ikatembea, ikasimama, ikangoja. Alisikia jinsi inavyopanga foleni, kama alivyowaambia watu wote, na kwa muda mfupi alijisikia fahari. Kisha ikakimbia. Akasukumwa kwenye kiti kama mtu anayewekwa kwenye droo, na ardhi ikaachia.

Halafu chini ya miguu yao kukasikika mngurumo, mzito, wa chuma kwa chuma, ukaishia kwa kishindo.

Mama Dakika akapiga kelele. Si ndogo. Viti vitatu mbele watu waligeuka.

"Usiogope, mama," alisema seremala, akampigapiga mkono. "Ni mlango wa mizigo unajifunga. Si wewe mwenyewe ulinieleza?"

Mhudumu alikuwa amekaa kiti cha kukunjwa karibu yao, mkanda kifuani. Akatabasamu kama mtu anayeomba radhi. "Hapana, baba. Mlango wa mizigo ungekuwa wazi mpaka sasa tusingekuwa tunazungumza. Hayo ni magurudumu yanakunjwa."

Seremala akamgeukia. Mama Dakika, macho bado yamefumbwa, alihisi anatazamwa, kama ubao unavyotazamwa kabla ya kupigwa msumeno.

"Mama Dakika."

"Naam, fundi."

"Umepanda ndege mara ngapi?"

"Nikihesabu na leo?"

"Ukihesabu na leo."

"Moja."

Mama Dakika aliwaza wateja wote wa miaka ishirini na miwili wanaosikia mngurumo ule na kutulia kwa sababu ya mlango ambao haukuwapo. Aliyemwambia habari ya mlango alikuwa mchuuzi wa vitambaa, na mchuuzi naye huenda aliambiwa na mwingine aliyefumba macho.

Kilichofuata ni kicheko. Seremala alicheka mpaka kiti kikatikisika, akajifuta macho kwa kofia. "Basi tuko wawili! Na mimi nimekubana hivi kama ndiwe uliyeiunda. Sasa niambie, na lile la bawa? Bawa linatikisika hapa kama mtu anaaga."

"La bawa ni kweli. Nimeambiwa na rubani mwenyewe, alikuja kununua tiketi ya mkewe."

"Ahaa. Nami nilitaka kusema. Hata rafu ya vitabu nikiona haipindi hata kidogo, naifungua niitazame upya." Akaiweka kofia gotini. "Kwa nini leo, sasa?"

Akamweleza, kwa sentensi fupifupi, kati ya pumzi moja na nyingine. Dada, fomu, saa nane. Mzee akaegemea mbele kidogo ili aone dirisha vizuri.

"Wewe fumba tu," alisema. "Mimi nitakutazamia. Kuna mashamba, yamekatwa kama vipande vya kigae, fundi wake hakuwa na rula. Kuna mto. Huo mto umepinda kama kamba aliyoitupa mtu mwenye hasira. Sasa wingu. Sasa wingu. Bado wingu. Ahaa, milima. Barabara inaizunguka, naiona, nyembamba, kuna kitu kinatambaa kama chawa. Nadhani ni basi."

"Linakwenda wapi?"

"Linakwenda kulekule. Sasa tumeliacha."

Walitua saa saba kasorobo. Seremala akamsukuma atangulie, akawasukuma na wengine kwa mabega yake ya useremala, akisema, "Mpisheni huyu, ana mgonjwa, mpisheni." Mlangoni alimwambia akimbie, wala asiage. Mama Dakika alikuwa chini ya ngazi kabla hajakumbuka kuiogopa. Begi la kungoja hakuwa nalo, dakika ishirini za karatasi yake zikawa zake. Akazipoteza zote na zaidi kwenye teksi, nyuma ya lori la matofali lililokataa kupitwa.

"Dereva, naomba."

"Mama, nimpande mgongoni?"

Hospitali ilikuwa jengo la ghorofa tano. Lifti ilikuwa na foleni. Akapanda ngazi kwa miguu, ghorofa nne, na alipofika juu ilikuwa saa nane kasoro dakika nane.

Kitanda cha Dada kilikuwa tayari kimetolewa wodini, kiko katikati ya ukumbi, na kilikuwa hakiendi popote kwa sababu Dada alikuwa ameshika fremu ya mlango. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani la kufungwa mgongoni, na kofia ya plastiki. Muuguzi alikuwa na fomu mkononi, mpwa alikuwa na kalamu, na wote wawili walikuwa na sura za watu wanaobembeleza mbuzi avuke barabara.

"Mama, mlango huo ni mali ya hospitali," muuguzi alikuwa anasema.

"Sijauchukua. Nimeushika tu."

"Dada," alisema Mama Dakika. Hakuwa na pumzi ya kusema lingine.

Dada akageuza kichwa. Akamtazama, kuanzia miwani iliyoning'inia upande mpaka viatu vyenye vumbi, polepole, kama anayesoma barua. Mkono wake ukaachia mlango.

"Umekuja na nini?"

"Ndege."

"Sema tena."

"Ndege, Dada."

Pembe za mdomo wa Dada zikaanza kutetemeka. "Wewe? Wewe uliyelilia ngazi ya kitanda cha ghorofa? Uliyelala chini miaka minne, kitanda kitupu juu?" Na hapo kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha zamani chenye mluzi ndani yake, akashika tumbo akasema aah, inauma, akaendelea kucheka. Mpwa akaanza. Mama Dakika alijaribu kukasirika akashindwa. Akajikuta amekalia ukingo wa kitanda cha magurudumu, machozi yanamtiririka, hajui ni ya kucheka au ni ya ngazi.

Mashine iliyofungwa mkononi mwa Dada ikaanza kulia. Muuguzi akaitazama, akatikisa kichwa.

"Presha imepanda. Hatuwezi kumwingiza hivi. Mtatulia hapa mpaka ishuke, na asiyetulia nitamtoa." Akamtazama Mama Dakika hasa. "Dakika ishirini. Nitamwambia daktari."

Hivyo walipewa dakika ishirini ambazo hakuna aliyezipanga. Dada alisaini fomu, juu ya goti la mwanawe. Halafu akataka kuelezwa. Mama Dakika akamweleza mashamba yaliyokatwa bila rula, na mto uliotupwa kama kamba, na basi lililotambaa milimani.

"Hayo maneno si yako," alisema Dada. "Ulifumba macho."

"Nilifumba."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

"Lakini ulikaa humo ndani."

"Nilikaa."

Dada akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, na bangili ya karatasi ya hospitali ilikwaruza kidogo. Mpwa alikwenda dirishani kutazama maegesho ya magari. Mashine ikapunguza kasi, namba zikateremka moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuhesabu dakika za watu, Mama Dakika alitamani namba zisiteremke haraka hivyo.

"Sasa ni nzuri," alisema muuguzi. "Twende, mama."

Alitembea ubavuni mwa kitanda mpaka mwisho wa ukumbi. Kwenye mlango wa vioo visivyoonyesha ndani, muuguzi alinyoosha mkono kumzuia. Dada akainua kichwa chenye kofia ya plastiki, akamtazama kwa mara nyingine, dakika moja nzima au chini yake.

"Haya," alisema. "Wanichukue."

Daktari alisema itakuwa saa moja na nusu. Ikawa saa mbili na dakika hamsini. Mama Dakika na mpwa wake walikaa kwenye benchi la chuma, wakala mkate mkavu kutoka mashine ya kuuzia vitafunio, wakazungumza habari za wanafunzi wasiojua kugawanya. Alipotoka, daktari alivuta barakoa chini ya kidevu, akasema nyongo ilikuwa imebakiza siku mbili tatu ipasuke, sasa imetoka salama, mgonjwa anapumua vizuri, anaweza kuonwa na mmoja tu.

Mpwa akarudi nyuma hatua moja. Hata hakuulizwa.

Dada alikuwa amelala chali, midomo imekauka, uso umekuwa mdogo kama wa msichana. Mama Dakika akavuta kiti. Baada ya muda macho yakafunguka nusu, yakatafuta, yakampata.

"Ndege imeondoka?"

"Imeondoka zamani."

"Na wewe?"

"Mimi nipo, Dada."

Dada akalifikiria jambo hilo kidogo, akaridhika, akalala.